Shajara ya mradi: Programu ya hesabu za duka kwenye kompyuta ya nyumbani, Ng'ambo

Jumamosi. Hali ya mashine kabla ya kuguswa

Shajara hii inafuatilia kazi moja tu, nayo ni kuweka programu ya hesabu za biashara kwenye kompyuta ya nyumbani kwa dada yangu, hapa Ng'ambo, Unguja, ili mauzo ya khanga na vitenge anayoyaandika daftarini dukani kwake Darajani apate kuyaingiza usiku akiwa nyumbani. Programu imeshalipiwa, na leseni yake ni ya kompyuta moja. Mpwa wangu alijaribu kuisakinisha ikakataa, na kilichobaki kwenye skrini ni kidirisha chenye mstari mmoja unaosema kwamba usakinishaji umeshindikana, bila kueleza umeshindikana katika hatua gani wala kwa sababu gani.

Mashine ni ya mezani, imetumika, ya aina ile inayoingia kwa wingi kutoka Ulaya: kichakato cha Core i5 cha kizazi cha nne, RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500, na Windows 10 ya biti 64, toleo la 22H2. Swali la kwanza la mpwa wangu lilikuwa kama isingekuwa rahisi kuipandisha iwe Windows 11 na kuanza upya. Haiwezekani kwa njia rasmi, kwa kuwa Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kichakato cha kizazi cha nane au cha baadaye. Kuhamia Linux kungeipa mashine hii uhai mwingine, lakini programu ya hesabu iliyonunuliwa inakubali Windows peke yake, kwa hiyo mjadala huo niliufunga mapema.

Nimejiwekea taratibu mbili. Hakuna badiliko litakalofanywa kabla ya kuandikwa humu, na hayatafanywa mabadiliko mawili kwa mpigo, kwa sababu mtu akibadilisha mambo matano kwa pamoja na kompyuta ikapona, hatajua ni lipi lililoiponya, na siku ugonjwa ukirudi ataanza kutafuta upya. Kazi ya awali kabisa imekuwa kuwasha ulinzi wa mfumo, ambao ulikuwa umezimwa, na kuweka pointi ya kurejesha mfumo kabla sijagusa chochote.

Sehemu ya diski yenye herufi C ilikuwa imebakiwa na nafasi ya GB 6 tu. Kisakinishi hupanua mafaili yake kwanza kwenye folda ya muda, kisha huyanakili mahali pake pa kudumu, hivyo kwa kitambo fulani huhitaji nafasi karibu mara mbili ya ile inayotajwa kwenye maelezo ya programu. Nimefuta mabaki ya masasisho ya zamani kwa kutumia chombo cha Windows chenyewe, na nafasi imefika GB 21.

Jumamosi jioni. Saa inayorudi nyuma

Kivinjari kilikataa kufungua karibu kila tovuti, kikidai kwamba vyeti vyao vya usalama si halali. Ujumbe wa namna hii ukitokea kwenye tovuti moja, lawama huwa ni ya tovuti; ukitokea kwenye tovuti zote, cha kutazamwa ni saa ya kompyuta. Tarehe iliyokuwa pembeni mwa skrini ilikuwa 1 Januari 2014. Kila cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha, na kompyuta inayodhani kwamba bado tuko mwaka 2014 huviona vyeti vya leo kuwa havijaanza kutumika. Kosa hilohilo huzuia masasisho ya Windows, na linaweza kukifanya kisakinishi kisiaminike hata kikiwa salama, kwa kuwa saini yake ya kidijitali nayo hupimwa kwa tarehe.

Nilipomuuliza dada, alinieleza kwamba saa hiyo huwekwa sawa kila siku na kila asubuhi huikuta imeharibika tena. Hapa nyumbani, kwa hofu ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, vifaa vyote huchomolewa ukutani kabla ya kulala. Mashine ikikosa umeme wa ukutani, saa yake huendeshwa na betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama, ya aina ya CR2032, yenye volti 3. Nimefungua kasha na kuikuta imefichwa chini ya waya wa diski, ikiwa na vumbi lililoganda kwa unyevu wa pwani. Mita ilisoma volti 1.4. Nimenunua nyingine, nimeiingiza upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, nimesahihisha tarehe kwenye mipangilio ya BIOS, yaani programu ya ubao mama inayotangulia Windows kuwaka, kisha ndani ya Windows nimechagua ukanda wa saa ulioandikwa Nairobi, kwa sababu Dar es Salaam na Zanzibar hazimo kwenye orodha ile japokuwa saa yetu ni moja.

Nimeichomoa mashine usiku mzima kwa makusudi.

Jumapili. Faili lenyewe

Saa imebaki sahihi na tovuti zinafunguka. Nimeigeukia sasa nakala ya kisakinishi aliyoitumia mpwa wangu, ambayo aliipakua kwa simu kwa bando la usiku na kuihamishia kwenye kompyuta kwa flashi. Kwa macho, faili lilionekana zima. Windows ililitaja kuwa la GB 1.11, wakati ukurasa wa kampuni iliyotengeneza programu unasema ni la GB 1.2, na mpwa wangu aliichukulia tofauti hiyo kuwa ushahidi kwamba upakuaji ulikatika.

Tofauti hiyo peke yake haithibitishi kitu. Kampuni inahesabu kwamba GB moja ni baiti bilioni moja, ilhali Windows inagawa kwa 1,073,741,824, hivyo faili la baiti 1,200,000,000 litaonyeshwa kuwa la GB 1.11 hata likiwa kamili. Kipimo cha kuaminika ni alama ya SHA-256, yaani mfuatano unaokokotolewa kutoka kwenye baiti zote za faili, ambayo kampuni imeiweka chini ya kiungo cha kupakulia. Nimefungua dirisha la amri na kuandika:

certutil -hashfile C:\Kazi\hesabu.msi SHA256

Jibu ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Mfuatano wangu haukufanana na wa kampuni hata mwanzo wake, na haungeweza kukaribiana, kwa kuwa baiti moja ikibadilika alama yote hubadilika. Kwa hiyo mpwa wangu alipatia kwamba faili ni bovu, ila kwa sababu isiyokuwa sababu. Nimelipakua upya kwa kutumia intaneti ya dukani, ambayo haikatiki ovyo, na safari hii mifuatano miwili imelingana mwanzo hadi mwisho. Nakala mbovu imefutwa kwenye flashi na kwenye simu ili isije ikatumiwa tena na mtu mwingine.

Jumanne usiku. Misimbo miwili inayofanana kwa sura

Kisakinishi kizima kimekwenda mbele hatua moja, kikasimama. Programu hii imejengwa juu ya .NET Framework 3.5, msingi wa Microsoft unaotegemewa na programu nyingine, ambayo ndani ya Windows 10 haiwashwi tangu kiwandani. Mfumo huiomba kwenye seva za Microsoft pale inapohitajika. Ombi lilirudi na msimbo 0x800F0906, ambao maana yake ni kwamba mafaili hayakuweza kupakuliwa. Tulikuwa tunatumia intaneti ya simu, na mtandao ulikuwa wa kusuasua, hivyo sikuwa na la kushangaa.

Njia ya pili ni kuyachukua mafaili hayo kutoka kwenye flashi ya kusakinishia Windows yenyewe, bila intaneti. Fundi jirani alituazima ya kwake. Amri ni hii, ambapo E ni herufi ya flashi:

DISM /Online /Enable-Feature /FeatureName:NetFx3 /All /Source:E:\sources\sxs /LimitAccess

Ilifika mbali kidogo, ikagoma kwa msimbo 0x800F081F. Kwa jicho lililochoka misimbo hii miwili ni kitu kimoja, na mpwa wangu alikwisha kusema, "Mjomba, ni ileile ya mwanzo." Si ileile. Wa kwanza unasema sikufika kwenye chanzo. Wa pili unasema nimefika kwenye chanzo ulichonionyesha, lakini ninachokitafuta hakimo, au kimo na hakinifai. Flashi ya fundi ilikuwa ya Windows 10 toleo la 1809, ambalo ni ujenzi wa 17763, na mashine yetu, kwa mujibu wa amri ya winver, ni toleo la 22H2, ujenzi wa 19045. Vipande vya toleo moja havishiki kwenye toleo jingine.

Nimetengeneza flashi ya 22H2 kwa intaneti ya dukani, kazi iliyochukua muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya jioni hii, na amri ileile imepita bila kelele. Ningeshauri yeyote anayehudumia kompyuta za nyumbani mahali ambapo intaneti ni ya kununua kwa bando awe na flashi ya namna hii, iliyoandikwa toleo lake kwa kalamu juu ya plasta, maana flashi isiyojulikana ni ya toleo gani humpotezea mtu usiku mzima.

Alhamisi. Msimbo 1603

Leo kisakinishi kilianza kwa kukataa kwa msimbo 1618, unaomaanisha kwamba usakinishaji mwingine unaendelea. Baada ya saa kurekebishwa, Windows ilikuwa imeanza kushusha masasisho iliyoyakosa. Nikaiacha imalize, nikaiwasha upya, na msimbo huo ukaondoka.

Baada ya hapo ikaja shida yenyewe. Mstari wa maendeleo ulifika karibu na mwisho, ukasita, kisha ukaanza kurudi nyuma mpaka mwanzo, kama mtu anayepanda ngazi na kukuta mlango wa juu umefungwa. Kidirisha kilichofuata kilikuwa kilekile alichokiona mpwa wangu, na msimbo wake ni 1603.

Huu ni msimbo unaowachosha watu kuliko misimbo yote ya Windows Installer, chombo cha Windows cha kusakinishia programu, kwa sababu hautaji kosa. Unatoa taarifa kwamba kosa limetokea mahali fulani na kwamba kila kilichokwisha kufanywa kimefutwa. Ndiyo maana tiba zake zinazosambazwa ni nyingi na hazifanani: zima antivairasi, futa folda ya muda, safisha rejista (hazina ya mipangilio ya Windows), jipe mamlaka yote juu ya diski C. Kila moja imewahi kumsaidia mtu fulani aliyekuwa na ugonjwa fulani. Visafisha rejista sitavigusa. Vinafuta visivyovifahamu, na madhara yake huonekana baada ya wiki, wakati hakuna anayekumbuka tena kilichofanywa.

Nimekiendesha kisakinishi tena kupitia dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, nikakitaka kiandike kila kinachokifanya:

msiexec /i C:\Kazi\hesabu.msi /l*v C:\Kazi\kumbukumbu.txt

Faili la kumbukumbu lililopatikana ni refu sana, na hakuna haja ya kulisoma lote. Hatua yoyote iliyoangusha usakinishaji huacha maneno "Return value 3", hivyo mtu huyatafuta maneno hayo kuanzia juu, asimame mahali yanapotokea mara ya kwanza, kisha asome mistari michache iliyotangulia. Mistari inayofuata baada ya hapo ni ya kurudisha mambo nyuma, na kuisoma ni kupoteza muda, ingawa ndiyo inayojaa maneno ya kutisha.

Mstari uliotangulia ulikuwa huu:

near "ambo": syntax error

Niliutazama kwa muda. Huo si ujumbe wa Windows Installer. Ni wa hifadhidata: namna hii ya kulalamika, kwa neno near na kipande cha maandishi ndani ya alama za kunukuu, ni ya SQLite, injini ndogo ya hifadhidata inayofichwa ndani ya programu nyingi za simu na kompyuta. Maana yake ni kwamba kuna amri iliyotumwa kwenye hifadhidata, na ilipofika kwenye kipande "ambo" sarufi yake ikavunjika. Kwa hiyo antivairasi haihusiki, mamlaka juu ya diski hayahusiki, na nafasi haihusiki. Kisakinishi kilikuwa kinaandaa hifadhidata ya kuanzia na kuandika humo kitu ambacho ndani yake mna "ambo".

Mpwa wangu, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti akila mbatata, ndiye aliyeona. "Mjomba, hiyo si ambo. Ni Ng'ambo imekatwa."

Alhamisi usiku. Ritifaa

Akaunti ya Windows kwenye mashine hii ilifunguliwa kwa jina la "Nyumba ya Ng'ambo", ili isichanganywe na kompyuta ya mkononi inayokaa dukani. Windows ilikubali jina hilo bila tatizo, kwa kuwa ritifaa, yaani ile alama ya ' iliyo katikati ya neno Ng'ambo, haimo katika orodha ya alama inazozipiga marufuku, na ikaunda folda ya mtumiaji kwa jina lilelile. Kila kitu cha muda cha akaunti hiyo huandikwa chini ya:

C:\Users\Nyumba ya Ng'ambo\AppData\Local\Temp

Katika lugha ya hifadhidata za SQL, maandishi hufungwa kati ya ritifaa mbili. Amri ikisema hifadhi 'C:\Users\Nyumba ya Ng'ambo\...', hifadhidata husoma kuanzia ritifaa ya kwanza, ikikutana na ya pili, ambayo ni ile ya kwenye Ng'ambo, huhesabu kwamba maandishi yamekwisha hapo. Inabaki na njia inayoishia kwenye "Nyumba ya Ng", na mara baada yake kuna neno "ambo" ambalo kwake si amri wala si thamani. Mtengenezaji makini huzuia jambo hili kwa kuipitisha thamani kando ya amri badala ya kuibandika ndani yake, au angalau kwa kuiandika ritifaa mara mbili. Aliyeandika sehemu hii ya kisakinishi hakufanya hivyo, na inaelekea hakuwahi kukijaribu kwenye kompyuta yenye jina la namna hii. Kwetu sisi herufi hiyo si ya ajabu: imo katika majina ya watu, ya mitaa na ya maduka, kuanzia Ng'ambo hii hadi Chang'ombe ya Dar es Salaam, na kila anayeitumia kulipa akaunti jina yumo katika hatari ileile.

Dhana nzuri bado ni dhana. Jina la folda ile lina mambo mawili yasiyo ya kawaida, ritifaa na nafasi kati ya maneno, na nafasi nazo zina sifa mbaya ya kuvunja visakinishi vya zamani. Nimefungua akaunti mbili za majaribio zenye mamlaka sawa. Kwenye ile iliyoitwa "Jaribio Moja", yenye nafasi bila ritifaa, kisakinishi kilimaliza kazi yake. Nikaiondoa programu, nikaingia kwenye ile iliyoitwa "Jaribio'la", yenye ritifaa bila nafasi, na kikaanguka kwa msimbo 1603, huku faili la kumbukumbu likilalamika safari hii karibu na "la". Nafasi imeachiwa huru. Ritifaa imepatikana na hatia.

Ijumaa baada ya sala. Njia ya mkato na mwisho wake

Kabla ya kuhamisha akaunti nzima, ilifaa kujaribu njia nyepesi, yaani kuiacha akaunti ilivyo na kubadilisha tu mahali pa folda ya muda. Kwenye mipangilio ya vigezo vya mazingira nimeelekeza TEMP na TMP kwenye C:\Muda, nikatoka na kuingia tena. Usakinishaji ulikamilika ndani ya akaunti yenyewe ya "Nyumba ya Ng'ambo".

Programu ilipofunguliwa, ililalamika kwamba haikuona VCRUNTIME140.dll. Hili ni jambo jingine kabisa, na tiba yake inajulikana: ni kukosekana kwa maktaba za Visual C++, ambazo Microsoft inazitoa bure katika kifurushi kimoja kinachotumika kuanzia toleo la mwaka 2015 na kuendelea. Mpwa wangu alionyesha kwamba kifurushi hicho tayari kimo kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa, na kweli kimo, lakini ni cha biti 64. Programu ya hesabu imekaa kwenye folda ya Program Files (x86), maana yake ni ya biti 32, na programu ya biti 32 huhitaji maktaba za biti 32 hata kama Windows ni ya biti 64. Vifurushi vyote viwili hukaa pamoja bila kugombana. Anayetaka kuhakiki kwa kuangalia folda ajihadhari na majina, kwa sababu kwenye Windows ya biti 64, folda ya System32 ndiyo yenye maktaba za biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye za biti 32, mpangilio uliobaki kwa ajili ya programu za zamani na unaomchanganya kila anayeuona mara ya kwanza. Zipo pia tovuti zinazogawa faili moja moja la DLL. Sizitumii, kwa kuwa huwezi kujua ni nani aliyeligusa faili hilo kabla yako, na hata likiwa safi mara nyingi huwa la toleo lisilofaa.

Kifurushi cha x86 kimewekwa. Programu ikafunguka, ikaonyesha nembo yake, ikaonyesha kidirisha kidogo chenye maneno yaleyale kuhusu "ambo", ikajifunga.

Hapo njia ya mkato imefika ukingoni. Programu huhifadhi hifadhidata yake ya kazi chini ya AppData\Roaming, ndani ya folda ya mtumiaji, na njia hiyo haihamishwi kwa kubadilisha TEMP. Kubadilisha jina la akaunti kwenye paneli ya mipangilio hakusaidii pia, kwani hubadilisha jina linaloonekana tu. Folda hubaki na jina la siku ya kuzaliwa kwake. Kuna namna ya kuilazimisha folda ibadilike kupitia rejista, lakini programu nyingine zilizokwisha kuandika njia ya zamani hubaki zikielekea mahali pasipokuwepo, na kwenye kompyuta yenye picha za harusi na vyeti vya watoto sioni sababu ya kucheza kamari hiyo. Nimerudisha TEMP na TMP mahali pake.

Jumamosi. Kuhama akaunti

Akaunti mpya imefunguliwa kwa jina la "nyumbani", herufi ndogo, bila nafasi na bila alama. Dada hakupendezwa sana: "Sasa jina la nyumba yangu lina kosa gani?" Nimemweleza kwamba jina linaloonekana kwenye skrini ya kuingilia linaweza kurudishwa kuwa "Nyumba ya Ng'ambo" baada ya folda kuundwa, na nimelirudisha. Udhaifu ule ule wa paneli ya mipangilio niliousema jana umetufaa leo.

Mafaili yamehamishwa folda kwa folda, kwa mfano:

robocopy "C:\Users\Nyumba ya Ng'ambo\Documents" "C:\Users\nyumbani\Documents" /E /COPY:DAT /XJ

Alama ya /COPY:DAT hunakili data, sifa na tarehe za mafaili bila ruhusa zake, hivyo mafaili hupata ruhusa za mwenye akaunti mpya badala ya kubaki yamefungwa kwa jina la zamani. Alama ya /XJ huruka vile viungo vilivyofichwa ndani ya Documents vinavyojifanya kuwa folda za muziki na picha, ambavyo bila hivyo hujaza ripoti ya kunakili kwa makosa yasiyo na maana. Folda ya AppData sikuihamisha, kwa kuwa ndani yake ndimo zilimo njia za zamani tunazozikimbia. Alamisho za kivinjari zimehamishwa kwa kuzitoa kama faili na kuliingiza upande wa pili. Baada ya kila folda nimelinganisha idadi ya mafaili na jumla ya baiti za pande zote mbili. Akaunti ya zamani haitafutwa mpaka mwezi upite, na akaunti za majaribio zimeondolewa pamoja na folda zake.

Kisakinishi, kikiendeshwa kutoka kwenye akaunti mpya, kimekwenda moja kwa moja hadi mwisho. Programu imefunguka na leseni imekubaliwa. Nimewaandikia watengenezaji barua fupi, nikaambatisha mistari michache ya faili la kumbukumbu pamoja na matokeo ya akaunti mbili za majaribio, kwa sababu taarifa ya namna hiyo inampa mhandisi pa kuanzia, tofauti na sentensi inayosema kwamba programu yenu haifanyi kazi.

Jumatatu. Tarehe, na yaliyobaki

Dada ameingiza mauzo ya wiki nzima kutoka kwenye daftari. Ripoti ya kwanza ilimshtua, kwa kuwa mauzo ya tarehe 5 Machi yalijitokeza kuwa ya mwezi wa tano. Programu inafuata mpangilio wa tarehe wa Windows, na akaunti mpya ilikuja na mpangilio wa Kimarekani unaotanguliza mwezi. Nimeubadilisha uanze na siku, na kwa kuwa hifadhidata ilikuwa imekwisha kuzipokea tarehe hizo kinyume, tumezifuta ingizo za jana na kuziandika upya, kazi ambayo mpwa wangu ameifanya kwa kusomewa na mama yake.

Mambo mawili yamebaki wazi. Msaada wa bure wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Mashine hii tumeisajili katika mpango huo, lakini kabla ya tarehe hiyo itabidi ipatikane nyingine, au hesabu zifanywe bila kuunganishwa na intaneti. La pili ni diski: ripoti yake ya afya inaonyesha sekta chache zinazosubiri kupangwa upya, jambo linaloweza kubaki hivyo kwa miaka au kuharibika ndani ya siku chache. Nimeweka nakala rudufu ya hifadhidata ijiandike kwenye flashi kila usiku saa nne, na dada ameshaagiza diski ya SSD ya GB 240 kutoka kwa fundi jirani, ambaye pia amerudishiwa flashi yake ya 1809 ikiwa na plasta yenye maandishi.